Mkondo wa Saba

Kwa heshima na taadhima, mbele ya milima ya Rungwe, mawingu yake na nguruwe wote wa shule, mimi Subilaga Mwakatobe, Mpimaji Mkuu wa Sauti za Binadamu, Mlinzi wa Vitelezi Mia Nne na Kumi na Viwili, Mwenye Kuinua na Mwenye Kushusha, natangaza kwamba yatakayosimuliwa humu ni kweli tupu, na kwamba sikuhusika na lolote.

Vyeo hivyo nilijipa mwenyewe. Kwenye ubao wa zamu wa Sekondari ya Wasichana Lwangwisi niliandikwa "Mwakatobe S., miksa", mstari mmoja chini ya waosha masufuria, mstari mmoja juu ya walisha nguruwe. Tena zamu yenyewe ilikuwa adhabu. Nilipewa baada ya nguruwe mmoja kuonekana paredi amevaa tai ya shule, imefungwa vizuri kuliko tai za nusu ya kidato cha tatu. Kuhusu kutohusika na lolote, tutafika huko.

Shule yetu haina kelele. Wageni hushangaa wakiingia bwaloni: wasichana mia nne na kumi na wawili wamekaa, vijiko vinagonga bakuli, midomo inakwenda, na sauti ya binadamu hakuna. Kisha Madam Kapyela, Mkuu wetu wa Shule, anampa mgeni kidonge cha kuweka sikioni, na mgeni anaruka kidogo. Ghafla anasikia mazungumzo yote, yamepangwa kama vitabu rafuni. Wa kwanza shuleni yuko karibu kama anayekunong'oneza. Wa mwisho yuko mbali kama anayeita kutoka ng'ambo ya mto. "Utulivu," anasema Madam. Mgeni anapiga makofi.

Kazi hiyo inafanywa na kola, mkanda mwembamba wa kijivu unaofungwa shingoni juu ya tai. Kola inaimeza sauti yako inapotoka mdomoni, kabla haijamfikia jirani, na kuipeleka kwenye miksa iliyo kwenye roshani ya bwalo. Huko kila msichana ana mkondo wake, na kila mkondo una kitelezi chake, kijiti cha plastiki kinachopanda na kushuka kwenye mfereji. Kitelezi kikiwa juu, kwenye sifuri, sauti yako inafika kamili. Kwenye hasi kumi inasikika nusu. Kwenye hasi arobaini wewe ni mbu ndani ya chupa. Sauti zikishapimwa hivyo zinarudi kwenye vidonge vya masikioni mwetu.

Zinapimwa kwa maksi. Aliyeongoza mtihani wa mwezi anakaa mkondo wa kwanza, sifuri. Wa pili anamfuata chini kidogo, na ngazi inateremka hivyo hadi wa mwisho. Mimi nilikuwa wa mia mbili thelathini na tatu, hasi ishirini na nne, kiwango ambacho utani wangu ulifika meza moja tu. Historia ya mateso ya wanadamu imewataja wengi na mimi imeniacha.

Aliyenifundisha mtambo ni Mwalimu Ndele, mwalimu wa fizikia, mtu wa maneno machache na koti moja. Siku ya kwanza aliniuliza, "Ukitaka mmoja asikike kuliko wengine, utafanya nini?"

"Nitampandisha, Mwalimu."

"Utampandisha. Wa pili atalalamika, utampandisha. Wa tatu pia. Mwisho wote wako juu na sauti inapasuka, kwa sababu mtambo una dari. Fundi hapandishi, Mwakatobe. Fundi anawashusha wengine."

Aliyasema kama anayefundisha kukanda chapati. Mimi niliviangalia vile vitelezi, mia tatu na zaidi vimelala chini ya mfereji kama mizoga, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Tangu kidato cha kwanza tuliambiwa wenye akili wameinuliwa. Hakuna aliyeinuliwa hata kidogo. Wale kumi wa juu walisikika kwa sababu sisi tumekanyagwa, na tulikuwa tunawapigia makofi.

*

Tusajigwe Mwaibako analala kitanda cha juu yangu. Muhula huu mama yake aliugua, akakaa nyumbani kumuuguza wiki tano, akarudi siku moja kabla ya mtihani. Akawa wa mia nne na moja. Hasi thelathini na nane. Ukitaka kumsikia Tusa ilibidi ubonyeze kidonge sikioni kwa kidole na ushike pumzi.

Jumamosi moja, siku ya kufua, mtoto wa kidato cha kwanza aitwaye Atupele alishikwa na pumu kwenye karo la kufulia. Walikuwa wamebaki yeye na Tusa tu, na mtoto aliishika sketi ya Tusa asiiachie. Matroni alikuwa anaanika mashuka hatua kumi kutoka pale, amewapa mgongo. Tusa akamwita. Akamwita mara ya pili na ya tatu, kwa nguvu zote alizonazo, na kola ikazimeza zote na kumfikishia Matroni mbu. Midomo ya Atupele ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Tusa akaing'oa kola shingoni, akapiga ukelele.

Nilikuwa upande wa pili wa shule na niliusikia. Sikuelewa ni nini. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu ana sauti kiasi hicho.

Matroni aligeuka, dawa ikaletwa, Atupele akapona. Siku hiyo hiyo mama yake akaja kumchukua, na sisi tukatangaziwa kwamba mtoto ana homa. Tusa naye akapewa karatasi. Kifungu cha tatu cha sheria za shule: atakayevua kola na kutoa sauti tupu atajibu mbele ya Baraza, na wanafunzi wenzake watapiga kura kama abaki au arudi kwao.

"Sema ukweli tu," nilimwambia, muda wa kupumzika baada ya chakula cha mchana. Alikuwa ameinamisha kichwa kutoka kitanda chake, nywele chini, kama popo. "Sema mtoto alikuwa anakufa."

"Nitausema kwa sauti gani, Subi? Kwa hii?"

"Madam atakupandishia. Siku ya shauri lazima wakupandishie."

"Nimemuuliza. Anasema haki ni haki, mshtakiwa hawezi kupendelewa. Nitasikika kwa nafasi yangu."

Nilitoa maneno kuhusu Madam Kapyela ambayo hayafai kuandikwa, na ambayo kwa bahati njema yalitoka kwa hasi ishirini na nne.

"Shauri ni baada ya mtihani," Tusa alisema. "Nina wiki tatu. Nitapiga msuli."

"Kutoka mia nne na moja?"

"Umewahi kuniona nikisoma?"

"Hapana."

"Hata mimi sijawahi," alisema, akarudisha kichwa juu.

Kuanzia siku hiyo alisoma kama mtu anayechimba kisima. Alisoma kwenye foleni ya uji. Alisoma akiosha miguu. Alibandika kanuni za kemia kwenye ubao wa chini wa kitanda chake, yaani mbele ya uso wangu, ili niwe namsomea nikiwa nimelala. Nilijifunza mengi katika wiki hizo, yote bila ridhaa yangu.

Na mimi nilitaka kusaidia. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Msomaji wa mashtaka alikuwa Dada Mkuu, Ambwene Mwasandube, aliyekuwa wa saba katika mtihani uliotangulia. Ambwene husoma makosa ya wenzake kwa sauti ya mtu anayetangaza maharusi ukumbini. Nilifikiri: akianza kumsomea Tusa mashtaka, halafu sauti yake ikaanza kuzama taratibu, kama redio inayoishiwa betri, yeye hajui, anaendelea tu na madoido yake, Baraza zima litacheka. Watu waliotoka kucheka hawamfukuzi mtu.

Tatizo ni kwamba siku ya shauri kila kidole kinachogusa kitelezi kinaandikwa: jina, mkondo na sekunde. Lakini miksa ina kumbukumbu. Siku ya mazoezi unabonyeza kitufe chekundu, unasogeza kitelezi kwa mkono, na mtambo unaukariri mwendo wako. Baadaye kitelezi kitatembea chenyewe, vilevile ulivyokitembeza, na kwa mazoezi hakuna jina linaloandikwa. Alhamisi, Mwalimu Ndele alipokwenda kunywa chai, nilibonyeza chekundu. Nikauelekeza mtambo: mkondo wa saba ukifunguliwa kwenye shauri, subiri dakika moja, kisha nifuate. Nikakishusha kitelezi polepole, kwa upendo, mpaka karibu na chini kabisa. Nikakiacha huko.

Nilishuka kwenye roshani nikijiona mkombozi wa taifa.

*

Matokeo yalibandikwa Jumamosi. Nilitafuta kuanzia chini, kwa mazoea. Nikapita mia nne, mia tatu, nikajipita mwenyewe mahali pangu pa kawaida, nikaendelea kupanda nikiamini jina lake wamelisahau. Ambwene alikuwa amepanda, amekuwa wa nne. Na kwenye nafasi ya saba, kwa herufi sawasawa na za wengine, Mwaibako T.

Wasomaji wenye akili wameshaona. Mimi sikuona. Mtambo haujui Ambwene ni nani wala Tusa ni nani, unajua namba, na namba zinafuata matokeo. Wanafunzi mia nne wangeweza kunieleza hilo, tena mimi ndiye niliyekuwa zamu ya miksa, mimi ndiye niliyebandika vibandiko vipya vya majina chini ya vitelezi Jumamosi ile ile. Kibandiko chake nilikibandika nikiimba.

Mchana ule bwaloni Tusa alikaa mbele yangu, akavuta pumzi, akasema, "Naomba chumvi."

Meza sita ziligeuka. Chumvi ilitoka pande tatu. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ina mkwaruzo, na niligundua kwamba tangu arudi kutoka kwao sikuwa nimeisikia.

"Una sauti mbaya," nilimwambia.

"Nakusikia kwa mbali sana, dada yangu," alijibu. "Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

*

Baraza lilikaa Jumatatu saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa inapiga bati lakini vidonge vilikuwa vimeizima. Kizimba chetu ni kibanda cha mbao kilichozibwa pande zote, kwa sababu Madam anasema sura ya mshtakiwa inaweza kuwahonga wapiga kura. Ukiwa ndani hakuna anayekuona, na wewe huoni mtu. Una sauti yako tu, kwa kiwango chako.

Mwalimu Ndele aliniacha mezani akashuka kuzunguka pembe za bwalo, kusikiliza kama kila kona inapata sawa. Mimi nilikaa na mikono mapajani, mtakatifu.

Ambwene akasimama. Akasoma dakika moja. Nikang'ata shavu nisicheke. Akasoma dakika ya pili, sauti imesimama kama mnara. Dakika ya tatu akamaliza, akakaa, akalainisha sketi. Nikajilaani kwa kudhani nimebonyeza kitufe vibaya siku ile ya Alhamisi.

Taa ya mkondo wa saba ikawaka kijani.

"Naitwa Tusajigwe Mwaibako, kidato cha tatu," kizimba kilisema, na bwalo zima likamsikia. "Nakiri nilivua kola. Sheria naijua. Nilikuwa na akili zangu timamu, hakuna aliyenituma. Najua wengi wenu mko chini kama nilivyokuwa mimi na mnavumilia, hamvui. Kwa hilo nawaomba radhi. Sikuvua kwa sababu nawadharau."  Maneno yote alikuwa ameyapanga, niliyasikia mara kumi yakifanyiwa mazoezi juu ya kichwa changu. "Sasa nataka niwaeleze kwa nini nilivua."

Kitelezi cha saba kikaanza kushuka.

Yote yalitokea haraka mno. Kilishuka chenyewe, taratibu, bila mkono. Sauti ya Tusa ikaanza kuondoka, kama mtu anayetembea akienda zake huku anaongea, kwanza mlangoni, halafu uani, halafu barabarani. Karibu na chini kabisa kikasimama. Taa ya kijani iliendelea kuwaka, maana yake bado alikuwa anaongea, anaeleza karo, sketi iliyoshikwa, na midomo ya bluu, anawaeleza mbao nne. Watu waliinua vichwa. Kila mmoja alikuwa amesikia msichana aliyekiri kosa, akaomba radhi, akafika kwenye sababu, akakosa la kusema.

Dakika tatu za mshtakiwa zikaisha, saa ikalia. Madam akasimama.

"Mshtakiwa hakuwa na la kuongeza," alisema. "Wanaotaka arudi kwao."

Kutoka roshani unaiona mikono yote. Mia mbili sitini na tatu. Nawajua. Lugano wa kitanda cha pili aliinua wake huku anakuna goti. Mabinti wa hasi thelathini, wa hasi thelathini na tano, waliokuwa wakisukumana ili Madam aone wameinua. Nilikuwa nimekasirika, na nikajiambia wao ndio niliowakasirikia.

*

Bwenini Tusa alikuwa anapanga tranka kwa utaratibu, soksi ndani ya viatu.

"Wamesikia habari za Atupele," alisema, "na bado wameinua."

"Nguruwe wana akili kuliko shule hii," nilisema. "Nitaichoma. Nitaanza na meza ya Madam, halafu ule ubao wa matokeo, halafu Ambwene."

"Sikuelewa watu ni wa aina hii, Subi. Nilidhani wakijua tu." Alikunja sweta, akalikunjua, akalikunja tena. "Ningeshindwa bila kusikika ningeelewa."

Lugano alikuwa amekaa kitandani kwake, amejifanya anashona kifungo. "Habari gani za Atupele?" aliuliza.

"Nilizowaeleza."

"Hukueleza kitu. Ulisema nataka kuwaeleza kwa nini, ukaanza kufifia, ukanyamaza. Tukajua unalia." Lugano aliacha sindano. "Si ulikuwa unalia?"

Tusa alimtazama. Kisha akanitazama mimi.

"Niliongea dakika tatu nzima," alisema.

"Sisi tumesikia moja."

Ndani ya kizimba mtu anajisikia kwenye mifupa ya kichwa chake, hivyo hakuwa na njia ya kujua. Niliona linavyomfikia. Nilitegemea alie. Badala yake uso wake ulifunguka, karibu afurahi.

"Basi mtambo umeharibika," alisema. "Hawakukataa. Hawakusikia. Subi, wewe ulikuwa mezani, uliona nini?"

"Kuna mambo mengi mezani."

"Lakini uliona taa yangu inawaka mpaka mwisho?"

"Taa niliiona."

Alinishika mkono, akaacha tranka wazi. "Twende kwa Madam. Utamwambia hivyo hivyo."

*

Ofisi ya Mkuu wa Shule ndiyo chumba pekee Lwangwisi ambamo kola zinavuliwa. Tulisema shikamoo, akaitikia marahaba, akatunyooshea trei kama ya kanisani, tukaweka kola na vidonge ndani.

"Mambo mazito nayasikiliza kwa masikio," alisema Madam Kapyela.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Miaka minane shule nzima imefungwa mikanda shingoni, na mwenye mikanda hausadiki mtambo wake kwa jambo lolote zito. Nilihisi kichwa kinataka kupasuka.

Tusa alieleza. Bila kola sauti yake ilijaza chumba mpaka vioo, na sasa hakuomba radhi. Alieleza karo, Matroni na mgongo wake, na Atupele. Alieleza dakika tatu na taa. Madam alisikiliza akiwa ameweka vidole vyake mezani mmoja mmoja, kama anayepanga vijiko.

"Shauri linaweza kurudiwa kwa sababu moja tu," alisema alipomaliza. "Mtambo kuwa mbovu. Mwakatobe, wewe ulikuwepo. Ulikuwa mbovu?"

Tusa alinigeukia. Kwenye uso wake hapakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Ndiyo, Madam," nilisema. "Kitelezi kilikwama."

Nililiona kuwa jibu zuri sana. Tusa anapata shauri lake tena. Mimi sipatwi na kitu, na ndicho nilichokitaka. Wote tunashinda, hasara ni ya plastiki.

Madam alimwita Mwalimu Ndele. Alikuja na kibao chake cha kioo kwapani na lile koti lake.

"Mwalimu, asubuhi ulisaini kwamba mtambo ni mzima."

"Nilisaini."

"Mwanafunzi anasema kitelezi kilikwama katikati ya shauri. Msichana amepigiwa kura ya kufukuzwa kwa sababu hiyo. Utakuwa umesaini bila kukagua."

 Madam akafungua droo na kutoa karatasi yenye nembo ya shule, akaanza kuandika juu yake jina la Ndele, kwa herufi nzuri, bila haraka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hasara si ya plastiki. Kila mtu anajua barua ya aina ile inakwenda wapi. Hakuna shule nyingine itakayompokea mwalimu aliyeandikiwa barua ya uzembe.

 Naliandika hili kwa sababu nimeahidi kweli tupu: niliona jina lake likiandikwa mpaka herufi ya mwisho, na nilinyamaza.

"Naomba kuonyesha kitu kabla ya sahihi," alisema Mwalimu Ndele.

Aliweka kibao mezani. Kioo kikaonyesha mstari mmoja wa kijani kwenye uwanja mweusi.

"Huu ni mkondo wa saba leo asubuhi," alisema. "Umeme ukikatika, mstari unaanguka wima. Kitelezi kikikwama, mstari unalala ulipo, hauendi popote. Huu haukuanguka na haukulala. Umeshuka sekunde hamsini, vizuri, na tazama hapa karibu na chini: umepitiliza kidogo, ukarudi juu, ndipo ukatulia. Mtambo haujui kupitiliza. Huyu ni mtu, alirekodi kwenye mazoezi, ndiyo maana hana jina." Aligusa ile ncha ndogo kwa ukucha. "Mtu anasogeza kitelezi kama anavyoandika. Huyu anapitiliza kila mara, halafu anajirekebisha. Nimekaa naye meza moja miezi minane nikimwambia aache."

Madam aliweka kalamu chini. "Ni nani?"

"Atasema mwenyewe," alisema Mwalimu Ndele. Hakuniangalia. Nadhani alinionea haya.

Nilisimama. Kifua nilikitoa mbele, kwa mazoea.

"Madam," nilianza, "kabla ya kumtafuta mkosaji, tuulize kwanza ni nani aliyewafunga wanadamu mia nne kwenye vijiti vya plastiki. Tuulize kwa nini mtoto anakosa pumzi hatua kumi kutoka kwa Matroni na hasikiki. Tuulize shule hii inaogopa nini mpaka—"

"Subi," alisema Tusa.

Hakupaza sauti. Bila kola wala kidonge, niliisikia kama ilivyo.

"Hayo yote ni kweli," alisema, "na tutayauliza. Ulikuwa wewe?"

"Nilimrekodia Ambwene. Alikuwa wa saba Alhamisi. Nilitaka wacheke ili wasikufukuze. Jumamosi nilibandika jina lako pale pale na sikukumbuka, Tusa, naapa sikukumbuka."

Alitikisa kichwa taratibu. Niliona anaanza kunisamehe. Alikuwa anajitahidi, alikuwa anatafuta pa kuanzia: mzaha, bahati mbaya, rafiki. Ningeweza kuacha hapo. Madam alikuwa ameshavuta karatasi nyingine, Mwalimu Ndele alikuwa amerudisha kibao kwapani, na kosa lililokuwa mezani lilikuwa kosa ambalo mtu anaweza kuishi nalo.

"Kuna jingine," nilisema.

Wote wakanigeukia.

"Nilipoona kinashuka nilijua ni nini. Nilijua pale pale, kiliposogea tu. Kitelezi kilikuwa karibu kama kikombe hiki hapa mezani. Kukipandisha ni kidole kimoja. Lakini siku ya shauri kidole kinaandikwa jina, na wangeniuliza narekebisha nini."  "Tangu asubuhi najiambia kwamba yalitokea haraka mno. Si kweli. Ulikuwa na dakika mbili zilizobaki. Taa yako ilikuwa inawaka, nilijua uko kwenye habari za Atupele. Saa ya mtambo iko mbele ya macho yangu. Nilizihesabu zote, Tusa, sekunde mia na ishirini, na mikono yangu nilikuwa nimeikalia."